Siku Kumi na Saba za Bi Mwajabu

Tatu alinipigia simu alfajiri, na nilijua kabla hajasema. "Mwalimu, mama hatunaye," alisema. "Tunazika leo leo, baada ya adhuhuri. Ukiweza njoo, usipoweza tutaelewa." Nilimwambia naja. Asubuhi hiyo nilikuwa na kipindi cha kuwafundisha vijana wa mwaka wa pili namna ya kuandaa mahubiri, nikamtumia kiranja wao ujumbe kwamba wajisomee. Kisha nikakaa kitandani, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, mzee mzima wa miaka sitini, nikalia. Mke wangu alidhani namlilia mama aliyenipangisha chumba ujanani, na ni kweli nilikuwa namlilia. Lakini nililia pia kwa sababu kulikuwa na neno moja nililopaswa kumwambia mama huyo tangu nikiwa kijana, nikaliahirisha mwaka baada ya mwaka, na sasa hapakuwa na wa kumwambia.

Mwaka ninaousema, chuo cha theolojia kilinipeleka Kibiti kwa mazoezi ya uinjilisti. Lami ilikuwa haijafika. Malori ya kusini yalipita yakitumwagia vumbi, na masika yalipokolea hayakupita kabisa. Nilishuka na begi moja, Agano Jipya la Kigiriki, na majivuno ya kutosha kanisa kuu zima. Nilichokikuta ni ghala la korosho lililokodiwa kwa ibada, lenye mabenchi sita na waumini kumi na wanne: wauguzi, walimu wa shule, watumishi wa serikali waliohamishiwa huko bila kupenda, na mama mmoja muuza mitumba. Wenyeji walikuwa Waislamu, nami sikutumwa kwao. Nilitumwa kuwalea hao kumi na wanne, walioniita Mwalimu kama wainjilisti wote wanavyoitwa, na ambao Jumapili ya kwanza walinisikiliza kwa adabu ile ile wanayoisikilizia taarifa ya kiongozi kutoka wilayani. Mzee wa kanisa alikuwa Mzee Simeoni, bwana misitu mstaafu aliyemaliza ujana wake kwenye visiwa vya delta ya Rufiji akikagua vibali vya wakata mikoko. Ndiye aliyenitafutia chumba. "Ni nyumba ya Mwislamu," alinionya, "lakini ni safi, na mama mwenyewe anapika."

Mama huyo alikuwa Bi Mwajabu, mjane wa mkata mikoko. Nyumba ilikuwa ya udongo, imeshikwa na boriti ambazo mumewe alizikata kwa mkono wake huko visiwani, na Bi Mwajabu alipenda kusema kwamba mume wake alikufa lakini hakuacha kubeba paa. Chumba changu kilikuwa cha nyuma. Kilikuwa na kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja mfupi, dirisha la ubao lililotazama uani, na ukuta ambao haukufika juu, hivyo kila lililosemwa nyumba nzima lilinifikia kitandani. Nilijifunza mengi kwa njia hiyo kuliko nilivyostahili. Binti yake, Tatu, alikuwa rika langu. Aliachika akarudi kwa mama yake na cherehani, akawa anashona barazani kutwa. Yeye alinisalimia kwa macho tu, lakini mama yake alinipokea siku ya kwanza kwa kunishika kidevu na kunigeuza uso kwenye mwanga, akasema, "Weye huli. Huko chuoni mnafundishwa nini, kufa?" Akanipakulia wali wa nazi na perege wawili, akasimama mpaka nikamaliza.

Nataka kusema juu ya upishi wake, maana jambo lenyewe limo humo. Bi Mwajabu hakupima chumvi kwa kijiko. Aliichota kwa vidole vitatu, akatia, akakoroga, kisha akadondosha mchuzi kidogo kwenye kiganja cha kushoto, akaulamba, akafumba macho. Akifumbua amekwisha jua. Kisamvu chake, kunde zake, kamba wabichi ambao mdogo wake aliwaleta kutoka visiwani, vyote vilipita kiganjani kwanza. "Miye sijui kusoma," aliniambia, "lakini ulimi wangu umesoma." Jioni aliniita nikae naye uani akisuka ukili wa mkeka, akaniuliza habari za kwetu, baridi ya kwetu, kama ni kweli watu wanalala na moto ndani ya nyumba. Hakuniuliza hata mara moja kuhusu dini yangu, isipokuwa siku aliyoniona narudi kutoka ibadani nimeinama sana. "Wenzio walikuja wangapi leo?" Nilimwambia tisa. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi tisa wamekuja." Mimi nilikuwa nimewahesabu watano ambao hawakuja, na niliona aibu.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Vibanda vya chakula mjini vilifungwa mchana, nami nikamwambia Bi Mwajabu kwamba asihangaike, nitakula futari pamoja nao magharibi na kushinda hivyo hivyo. Alikataa kabisa. Makubaliano yetu yalikuwa chumba na chakula, na mgeni hawezi kufungishwa saumu isiyo yake. Hivyo kila siku mchana, midomo yake ikiwa imekauka kwa kiu, alikaa mbele ya jiko la kuni na kunipikia mimi peke yangu. Alifunika chakula kwa kawa, akakiweka mezani kwangu, akanirudishia pazia mlangoni ili nisijisikie vibaya kula. Shida ilikuwa chumvi. Hakuweza kuonja, na Tatu naye alikuwa amefunga. Vidole vitatu peke yake, bila ulimi, vilipotea njia. Leo mchuzi ulikuwa maji matupu, kesho ulinikausha koo. Sikusema kitu. Nilikula nikijiona mvumilivu.

Siku moja nikiwa kitandani nilimsikia akimsimamisha shehe wa msikiti wa jirani aliyepita uani kusalimia. "Shehe, aliyefunga akionja mchuzi kwa ncha ya ulimi, akatema, saumu yake inakuwaje?" Shehe alijibu kwa upole kwamba mpishi akiwa na haja hapana ubaya, mradi asimeze. "Na kama kimepita na yeye hakujua?" Shehe akasema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. "Ndiyo hilo," Bi Mwajabu akasema. "Yeye anajua, miye sijui. Bora nisionje." Mimi huku ndani niliuma shuka nisicheke. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeandika insha ndefu juu ya chakula na dhamiri ya ndugu, jinsi mtume katika nyaraka zake anavyotaka tusimkwaze mtu kwa sababu ya sahani, na mkufunzi wangu aliisoma mbele ya darasa. Insha ilikuwa nzuri kweli. Jambo lenyewe lilipoketi jikoni mbele yangu na kuuliza swali kwa sauti ya mwanamke, sikulitambua.

Wiki hiyo hiyo wageni wa kanisa kutoka Dar es Salaam walituletea spika, ile ya pembe, na betri yake. Mzee Simeoni aliifunga juu ya ghala akaielekeza mtaani. "Wenzetu wanasikika mara tano kwa siku," alisema. "Nasi tusikike mara moja kwa wiki." Somo la Jumapili lilikuwa kufunga. Nilianza vizuri, nikaeleza jinsi Bwana alivyowaonya wanaofunga ili waonekane na watu. Nikawatazama wale kumi na wanne, nikaona macho yale yale ya adabu, miezi mitano sasa, na moyo wangu ukaona njaa ya kupendwa. Basi nikaacha karatasi. "Namjua mama mmoja," nikasema, "amefunga mpaka ulimi. Chumvi haionji, anaogopa! Leo mchuzi wake ukiula utasema umechotwa Mto Rufiji. Kesho utasema umechotwa kule mto unakoingia baharini. Sasa nawauliza, ndugu zangu, Mungu amekaa juu ya chungu anahesabu chembe za chumvi?" Walicheka. Muuza mitumba alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Mzee Simeoni aligonga benchi. Tangu nifike ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wakiwa hai, na nikairudia, nikaiongeza, nikaigiza jinsi ninavyokunywa maji. Watu wakiniuliza kama nilisahau kuwa spika imewashwa, natamani kusema ndiyo. Sikusahau. Nilikuwa naisikia sauti yangu ikirudi kutoka kwenye mabati ya mtaa na nilikuwa naipenda.

Nilirudi nyumbani saa saba. Bi Mwajabu alikuwa uani na ukili wake mapajani. "Karibu, mwanangu. Chakula kipo ndani," akasema, kama siku zote. Nilikula. Nikajilaza. Ndipo nikamsikia Tatu, akijaribu kunong'ona na hasira ikimzidi. "Ahame, mama. Leo leo. Kakusema mbele ya mtaa mzima, kisha kaja kula chakula chako!" Bi Mwajabu akasema hakutajwa jina. "Nani mwingine anampikia? Kisimani wanacheka, mama. Wameniuliza leo tunapika mto au bahari." Nikasikia ukili ukivutwa. "Ahamie wapi mwezi kama huu?" mama akasema. "Ni mtoto wa watu, yuko peke yake. Na kasema kweli, Tatu. Chumvi haikuwa sawa. Mgeni halishwi kwa kubahatisha." Nilijiambia nitamwomba radhi jioni, baada ya futari. Jioni walikuja majirani, nikajiambia kesho.

Kesho yake mchuzi ulikuwa umekolea sawasawa. Na kesho yake tena, na siku zote zilizofuata mpaka Idi. Sasa naomba msomaji anivumilie, maana hapa ndipo ninapojichukia zaidi kuliko pale kwenye spika. Nilifurahi. Nilimwambia Mzee Simeoni kwamba neno halirudi bure, kwamba yule mama ameacha ule woga wake na sasa anaonja kama binadamu. Mzee akasema, "Umeona? Injili inafungua watu," tukapeana mikono. Ile aibu ya Jumapili ikapoa moyoni mwangu, nikaona hapana tena haja ya kuomba radhi kwa jambo lililozaa matunda. Siku ya Idi nilikula pilau kwa Bi Mwajabu na kupewa kanzu mpya aliyonishonea Tatu kwa amri ya mama yake. Mabega yalibana kidogo, na nadhani Tatu alifanya makusudi.

Idi ilipita na Bi Mwajabu akaendelea kufunga. Nilidhani ni zile siku sita ambazo wengi huongeza kwa hiari, lakini sita zilipita. Alikonda. Mchana nilimsikia akiita, "Tatu, njoo unionjee," na Tatu akaacha cherehani, akaja na kiganja wazi, akalamba, akasema ongeza au tosha. Siku ya kumi nikamfuata Tatu barazani nikamuuliza mama yake anafunga nini. Hakuinua uso kwenye kitambaa. "Analipa," akasema. Nikauliza analipa nini, wakati mwezi wote hakuugua wala hakusafiri. Tatu akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Analipa siku kumi na saba, Mwalimu. Zile alizokuonjea. Shehe kamwambia saumu zake ni nzima, kamwambia mara mbili. Moyo wake umekataa. Anasema alionja kwa kuogopa maneno ya watu, si kwa haja, na hajui kama kilipita kooni au hakikupita. Basi analipa zote." Akaachia gurudumu, akaendelea kushona.

Nilikuwa nimehubiri kwamba watu wasifunge kwa ajili ya macho ya watu, na katika nyumba nzima, katika mtaa mzima, mtu pekee aliyefunga kwa ajili ya Mungu peke yake nilikuwa nimemfundisha kuwaogopa watu. Niliona jambo hilo wazi, sikuhitaji mkufunzi. Nilitubu kwa Mungu usiku huo kwa machozi, na Mungu naamini alisikia, lakini Mungu hakuwa ndiye niliyemfanyia dhihaka kwenye spika. Siku iliyofuata nilijiandaa kama mtu anayekwenda kwenye mtihani. Bi Mwajabu alikuwa uani anapepeta mchele. Nikachuchumaa mbele yake. "Mama," nikasema, "nina neno nataka kukwambia." Akaweka ungo mapajani. Alinitazama kwa utulivu, midomo imepasuka kwa kiu, akasema, "Sema, mwanangu." Nami nikasema, "Mchele huu umetoka Mbwara?" Alingoja kidogo. "Wa kule Mkongo," akasema. "Wa Mbwara umekwisha." Nikatikisa kichwa kana kwamba hiyo ndiyo habari niliyoitaka. "Ulitaka kusema hilo tu?" akauliza. Nikasema hilo tu. Akainua ungo, akaendelea kupepeta.

Mwaka ulipokwisha nilirudi chuoni, nikahitimu, nikabarikiwa kuwa mchungaji, na baadaye nikageuka kuwa mwalimu wa wachungaji. Nimewafundisha mamia ya vijana kuhubiri. Wote nimewakataza kupeleka mimbarani lolote walilolipata katika nyumba ya mtu aliyewalisha, na wanaandika katazo hilo kwenye madaftari yao kwa utii, wakidhani ni busara ya vitabuni. Sijawahi kuwasimulia nililipataje. Kibiti nilirudi mara nyingi. Nilimpeleka mke wangu, nikapeleka na watoto, wakamwita bibi. Nyumba ilibadilishwa, ikawa ya matofali, na barabara ikawa lami tupu mpaka nikaweza kufika kwa saa tatu kutoka ninapofundisha. Kila safari niliondoka nyumbani nikiwa nimeyapanga maneno, na kila safari tulijikuta mimi na yeye peke yetu sebuleni, naye amekunja mikono, ananitazama. Nikazungumzia bei ya saruji. Nikazungumzia mafuriko yaliyokula mashamba ya mpunga bondeni. Mara ya mwisho macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akanipapasa uso kwa vidole, akasema nimenenepa, sasa ninakula. Nikamsomea majina ya dawa zake kwenye pakiti, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mchungaji.

Siku hiyo ya simu ya Tatu nilifika Kibiti kabla ya adhuhuri. Uani wanawake walikuwa wamejaa, na Tatu, bibi wa wajukuu sasa, akatoka mlango wa nyuma kunipokea. Hakuwa na machozi tena. Tulisimama kando ya jiko, nami nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kuliuliza, kama mama yake alipata kusema chochote juu ya yale mahubiri. "Ya mto na bahari?" Tatu akasema, na midomo yake ikacheza kidogo. "Siku ile ulipomuuliza habari za mchele, aliniambia, yule mtoto ana neno limemkwama. Mwacheni, atalisema." Akajifunga khanga vizuri. "Kila ulipokuja alikuwa anatufukuza sebuleni. Tokeni, anasema, niacheni na mwanangu, leo huenda akasema. Ukishaondoka tunaingia, namuuliza, je, kasema? Ananambia bado." Tatu akanitazama, nadhani kwa mara ya kwanza bila hasira, akasema, "Nenda kwa wanaume, Mwalimu. Wanataka kumtoa."

Jeneza lilikuwa limewekwa mbele ya nyumba, limefunikwa, na wanaume wamesimama safu kwa safu hadi barabarani. Nilisimama nyuma, na mtu mmoja nisiyemjua akanishika mkono akanivuta mbele, akisema huyu ni mtoto wa marehemu, apewe nafasi. Mdogo wake Bi Mwajabu, yule wa visiwani, aliyekuwa akituletea kamba, akasimama kichwani mwa jeneza akishikiliwa na vijana wawili. Mila yao ni kwamba kabla mtu hajaondoka nyumbani kwake, ndugu yake humwombea msamaha kwa walio hai. "Ndugu zangu," mzee akasema, na sauti ikamkatika, akaanza upya. "Ndugu zangu, huyu ni dada yangu, naye alikuwa mwanadamu. Ameishi nanyi, amesema nanyi. Kama yupo hapa ambaye marehemu alimkosea, kwa neno au kwa tendo, namwombea radhi. Mmemsamehe?" Watu wakaitikia, "Tumemsamehe!" Akauliza tena, wakaitikia tena. Haulizi kama yupo aliyemkosea marehemu. Hilo haliulizwi, maana aliyekufa hawezi kujibu. Nilitaka kuinua mkono, nilitaka kusema ngojeni kidogo, hapa mambo yamegeuzwa. Mkono haukuinuka, kama neno lilivyokataa kutoka siku ile ya mchele. Mzee akageuza macho upande wetu akauliza mara ya tatu, "Mmemsamehe?" Watu wote walionizunguka wakasema ndiyo, nami nikafungua kinywa, nikasema pamoja nao kwamba nimemsamehe.